Jina la Kujaribia

Lucia alipobonyeza kitufe alitegemea app ife, kama ilivyokuwa ikifa wiki nzima. Haikufa. Kwenye kioo ikatokea alama ya vema, na chini yake maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa madaha: Ujumbe umetumwa kwa wanajumuiya wote.

"Imekubali!" Muksini akapiga makofi. "Dada, umeshakuwa mtaalamu. Leo soda ni juu yangu."

Lucia hakucheka. Alikuwa anaangalia jina lililokuwa juu ya ile alama.

Muksini alikuwa fundi simu pale Dongobesh, kwenye kona ya duka la baba yake, na ndiye aliyemfundisha Lucia kutengeneza app za Android tangu mwanzo kabisa. Alikuwa mwalimu mzuri, ila wa kelele. "Android haimwamini mtu," alipenda kusema. "Kila app inafungiwa chumbani kwake. Ikitaka kamera, ikitaka kutuma meseji, sharti ibishe hodi, na mwenye simu aseme ruhusu. Usipoiandikia hiyo hodi, app yako itafia mlangoni." Wiki nzima app ya Lucia ilikuwa inafia mlangoni. Jana ndipo alipoandika mistari ya kubisha hodi. Asubuhi hii simu ikamuuliza, naye akabonyeza Ruhusu bila hata kusoma, kama tunavyobonyeza sote.

App yenyewe ilikuwa ya misiba. Kijijini kwao, milimani juu ya Dongobesh, mtu akifariki hakuna anayeshika jembe mpaka azikwe, kwa hiyo kila nyumba inatakiwa kujua mapema. Lucia aliwaahidi wanajumuiya ya Mtakatifu Monika kwamba uvumi utakwisha: mwenyekiti atachagua jina kwenye orodha ya waumini, atabonyeza, basi. Tena Jumapili alisimama mbele yao akasema kwa sauti, ujumbe wenye kichwa hiki uaminini, wa namba ngeni msiuamini. Wakamshangilia.

Kwa sababu ya orodha hiyo, jina la uongo la kujaribia halikuandikika. Ilibidi achague la mtu. Kidole kilipita kwa Mzee Agustino, mwenyekiti, akaogopa. Kikapita kwa Justina, jirani yao, mjamzito, akaogopa zaidi. Nani ana ujasiri wa kumtangazia kifo mtu aliye hai, hata kwa kujaribu? Kwao hilo ni kumlaani mtu, na laana haiulizi kama ulikuwa unajaribu. Basi, kwa uungwana wake wote, akachagua jina ambalo hakuna atakayemlaumu nalo: Lucia Isidori.

Na sasa Lucia Isidori alikuwa amefariki, kwa taarifa rasmi ya jumuiya, katika kila simu ya kijiji.

"Mama," akasema. "Muksini, mama yangu!"

Mwaka juzi kaka yake Renatus aligongwa na lori njia ya Mbulu akafa, na mtu mmoja asiye na akili akampigia mama yao simu akiwa shambani, akamwambia hivi hivi, bila hata salamu. Mama huyo, Bernadina, alianguka kwenye matuta. Alilazwa muda mrefu, na hadi leo mkono wake wa kushoto haumsikii vizuri. Daktari alimwita Lucia pembeni akamwambia kwamba moyo wa mama huyu hautahimili mshtuko mwingine. Baba yao, Isidori, alishatangulia zamani. Aliyebaki ni Lucia.

Salio lake lilikuwa limeishia kwenye kujitangaza marehemu, akanyakua simu ya Muksini na kumpigia mama. Ikaita mpaka ikakata. Bernadina hakujua kusoma, lakini hilo halikumpa Lucia nafuu yoyote, maana meseji ikiingia mama angeweza kumpa simu mpita njia yeyote amsomee. Akampigia Mzee Agustino.

"Shikamoo babu, ni mimi Lucia, sikiliza..."

Upande wa pili mtu alivuta pumzi kwa nguvu, kisha simu ikakatwa. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa. Muksini akaanza kuwatumia watu wa kwenye orodha meseji kwa namba yake: Lucia ni mzima, yalikuwa majaribio. Hakuna aliyejibu, na Lucia alijua kwa nini. Aliwafundisha vizuri mno.

Akarukia bodaboda ya kwanza aliyoiona. "Kimbiza kaka, nakuomba, kimbiza!"

Alichokiogopa kuliko vyote ni wazee. Tangu msiba wa Renatus, kijiji kiliamua kwamba mzazi hapigiwi simu wala haambiwi njiani. Wazee watatu huenda kwa miguu hadi nyumbani kwake. Wakifika huomba maji. Huulizia ng'ombe, huulizia mvua. Maji yakiisha kwenye kikombe, mkubwa wao huvua kofia na kuiweka gotini, ndipo husema. Ni utaratibu wa huruma, na Lucia aliusifu sana ulipopitishwa. Sasa alikuwa anakimbizana nao.

Ulikuwa msimu wa kulima. Walipoanza kupanda mlima, shamba la kwanza halikuwa na mtu. La pili pia. Mahali fulani plau ilikuwa imeachwa katikati ya shamba, maksai wamefunguliwa, wanakula majani pembeni. Mlima mzima umenyamaza kwa heshima ya marehemu, na marehemu yuko nyuma ya bodaboda, anasali Salamu Maria na kuikosea.

Karibu na kanisa wakamkuta Justina na mzigo wa kuni kichwani, kuni za msibani. Alipomwona Lucia aliuachia mzigo ukaanguka, akafanya ishara ya msalaba, akarudi kinyumenyume hadi kichakani.

"Dada Justina, ni mimi! Wazee wamepita?"

Justina akanyoosha kidole juu, kuelekea nyumbani kwa Bernadina.

Wazee watatu walikuwa wameketi kwenye benchi nje ya nyumba. Kikombe cha Mzee Agustino kilikuwa kitupu mkononi. Kofia ilikuwa gotini. Bernadina alisimama mbele yao ameshika jagi, macho yake yako kwenye kofia ile. Bodaboda ikanguruma uani, wote wakageuka, na kikombe kikaanguka chini.

"Lucia!" mama akasema. "Mbona unahema hivyo? Na wazee huwaoni?"

"Shikamooni," Lucia akasema.

Mzee Agustino alifungua mdomo, akaufunga.

Bernadina alimtazama mwanawe, akaitazama tena kofia. Mabega yakamshuka, kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Akaketi, akatoa simu kwenye mfuko wa sweta.

"Meseji imeingia tangu asubuhi. Ikaita pia, ila haikuonyesha picha yako, nikaiacha. Tangu ile ya Renatus simpi mtu anisomee, nakungoja wewe." Akamwekea simu kiganjani. "Najua wazee wamefuata nini. Lakini wewe upo hapa mbele yangu. Mwingine yeyote nitahimili. Soma."

Lucia akapiga magoti. Alitamani kudanganya, lakini wazee watatu walikuwa wanamtazama. Akasoma, na alipofika penye jina akasita.

"Soma," mama akasema.

Akasoma jina lake. Kisha, kabla mama hajapumua, akamwaga yote kwa haraka: kitufe, orodha, ile Ruhusu, na jinsi alivyoogopa kumlaani mtu. Alikuwa anakiangalia kifua cha mama kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, na hakuwahi kuogopa hivyo maishani.

Bernadina aliichukua simu, akairudisha kwenye mfuko wa sweta.

"Kwa hiyo Mzee Agustino ulimwogopa."

"Ndiyo, mama."

"Na Justina."

"Ndiyo."

"Ukaogopa kijiji kizima, halafu ukaona jina lako ndilo halina mwenyewe."

Ule mkono wa kushoto wa mama, usiomsikia vizuri, ulimfikia Lucia polepole, ukamshika kifundo cha mkono, na haukumwachia hata wazee walipoanza kuomba maji mengine.