Wageni wa Maneno Yaliyofutwa

Jumamosi asubuhi, baada ya kuanika nguo, mpima macho alikaa kwenye meza ya chakula, akasogeza pembeni bakuli la sukari na kufungua kompyuta. Siku za kazi alipima macho ya watu katika duka la miwani. Siku za mapumziko alisimamia baraza la mtandaoni la watu wanaojadili teknolojia ya michezo ya video. Sheria ya baraza aliitunga mwenyewe, nayo ilikaa juu kabisa ya ukurasa: Jadili mashine, usimjadili mwenzio. Wanachama walimwita Dada Msimamizi.

Asubuhi hiyo wawili walikuwa wameshikana mashati kuhusu vivuli. Mmoja alisema vivuli vya mtambo mpya wa michezo vinafuata mwanga kama vya kweli. Mwingine alisema ni mzigo tu wa kuichosha mashine. Hadi hapo hapakuwa na ubaya. Kisha yule wa kwanza akamwita mwenzake ng'ombe. Dada Msimamizi akaufuta ujumbe huo, akainuka kubandika maji ya chai, maana alijua kuna mgeni.

Hodi ilipigwa kabla maji hayajachemka. Mlangoni alisimama mtu wa makamo mwenye shuka la kinyozi shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Alivua viatu, akaamkia vizuri, akauliza akae wapi.

Ndivyo ilivyokuwa tangu aishike kazi ile. Aliyefutiwa ujumbe alijikuta mlangoni pake, akiwa na chochote alichokuwa nacho mkononi: mswaki, mwiko, usukani wa kuchezea. Alikaa mpaka moyo upoe, akaaga, akatoka kwa mlango uleule na kujikuta kwao. Wengi walikuwa watu wa adabu zao. Waliotukanana walikaa kochi moja, wakapokezana sukari, wakajadili vivuli kwa sauti ya chini, na mara nyingi wakaelewana. Wakisharudi kwao, hazipiti siku nyingi wanatukanana tena. Mtambo mpya ulipoingia sokoni, Dada Msimamizi aliazima benchi kwa jirani. Jirani hakuwa na neno, ila aliomba viatu visizibe ngazi.

Mumewe alimsaidia sana kupokea wageni. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mtu wa sauti ndogo, ambaye wazazi humsimamisha barabarani kumshukuru. Alijua kumkalisha mtu mwenye hasira kama anavyojua kumtafutia mtoto mshipa bila kumliza.

Mtu aliyelipatia baraza lile uhai hakuwahi kufika nyumbani, kwa kuwa hakuwahi kufutiwa chochote. Alijiita Bi Fremu. Alikuwa mwandishi wa programu, na alieleza mambo magumu kwa upole wa mama anayelisha: jinsi mashine inavyokisia fremu, yaani picha, ya katikati kati ya picha mbili, kwa nini mkono wa mchezaji hutangulia na kioo cha mashine kikafuata nyuma. Kuna siku mtu alimuuliza alijifunzia wapi yote hayo. Akajibu kwamba alijifunza akiwa amekaa kando ya kitanda cha mwanawe hospitalini, na kwamba mtoto hakupona.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Bi Fremu alimsahihisha mwanachama wa siku nyingi aitwaye Kisu. Kisu alikuwa na ulimi mkali, lakini alijua kusimama kwenye mstari bila kuuvuka. Safari hii aliuvuka. Aliandika: "Ndiyo maana mwanao alikufa. Ulikuwa unahesabu fremu."

Dada Msimamizi aliufuta ujumbe, akabandika maji, akasubiri hodi. Maji yakachemka. Hakuna aliyebisha. Akafungua mlango akachungulia ngazi, hapakuwa na mtu. Aliporudi sebuleni, mumewe alikuwa akitoka chumbani na simu mkononi. Hakupita kwenda jikoni kama kawaida yake. Alikuja akakaa kwenye kochi la wageni, akaweka mikono juu ya magoti.

Mkewe alimmiminia chai kama alivyowamiminia wengine.

"Kisu ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Wewe unayewafumba macho watoto wa watu wanapokata roho. Ulilitoa wapi neno lile?"

 Mume akaeleza kwamba kule barazani haoni mtu, anaona maandishi, na maandishi hayalii. Mchana kutwa anabembeleza. Akirudi, hutafuta mahali asipolazimika kumbembeleza yeyote.

"Na yule mama angekuwa amekaa hapo ulipokaa wewe?"

"Nisingethubutu."

Akamwomba mkewe msamaha. Mkewe akamwambia si yeye wa kuombwa. Mume akaahidi kwamba atamwandikia yule mama. Alikaa mpaka moyo ukapoa, akaaga kama wageni wengine, na kwa kuwa hakuwa na kwao pengine, alizunguka jikoni akaosha vikombe.

Dada Msimamizi alimfungia Kisu asiingie tena barazani. Siku zikapita. Mume hakuandika.

Kisha ukaja ujumbe wa faragha kutoka kwa Bi Fremu. Alikuwa ameliona lile neno kabla halijafutwa. Hakulalamika. Aliaga, akaomba maelezo yake yote yaondolewe, kwa sababu hakutaka habari za mwanawe zibaki mahali pale. Dada Msimamizi alimsihi abaki. Jibu lilikuja fupi: "Nimechoka, dada yangu. Niondolee."

Dada Msimamizi akaufuta ujumbe wa kwanza wa Bi Fremu, halafu wa pili, akaendelea hadi wa mwisho. Siku hiyo mumewe hakuwa na zamu. Hodi ilipopigwa, yeye ndiye aliyekwenda kufungua.

Bi Fremu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyolegea puani, amebeba mfuko wa vitunguu. Mume alimpokea mfuko, akamwekea mto mgongoni, akamletea chai. Dada Msimamizi alijitambulisha. Mume alisema tu kwamba ni muuguzi wa watoto. Bi Fremu akafurahi, akamweleza habari za mwanawe kwa kirefu, na mume akamsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alimuuliza jina la mtoto. Alijua la kusema kila mahali panapohitaji neno. Mkewe alikaa akimtazama, akingoja aseme lile moja. Hakulisema. Naye mkewe alifungua kinywa, akauona uso wa mgeni ulivyotulia, akakifunga.

Mgeni alipoinuka kuondoka, Dada Msimamizi alimkazia skrubu za miwani na kumsindikiza mpaka mlangoni.

"Mume wako ana utu," Bi Fremu alisema akivaa viatu. "Kule kwenye baraza wangekuwepo watu kama huyu, nisingeondoka."

"Wapo," Dada Msimamizi alijibu.

Bi Fremu aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa neno la kumliwaza, akachukua vitunguu vyake akatoka.

Wiki iliyofuata mgeni barazani aliuliza kwa nini kioo kinachelewa nyuma ya mkono wake. Swali lilikaa bila jibu mpaka jioni. Hatimaye mwanachama mpya, aliyejiita Wembe, akalijibu. Jibu lilikuwa na makosa, lakini lilikuwa la adabu, na halikuvunja sheria yoyote. Dada Msimamizi alilisoma mara mbili, akaliacha lilivyo. Chumbani kitanda kililia kidogo, mumewe akigeukia upande wa pili na simu yake.