Viti vya Kilio

Bénie aliona doa kwanza. Nyuma ya kila kiti cha plastiki mle darasani palikuwa na doa la rangi nyekundu, na doa hilo alilijua: ni alama ya yule mama wa Alunguli anayekodisha viti vya kilio. Alikalia kimoja siku walipomlilia mama yake.

Alikuja tu kumbebea mjomba wake chakula, maana Profesa Onema alikuwa na ugonjwa wa sukari, na njaa ilikuwa ikimwangusha. Kufundisha siasa alikuwa ameacha zamani. Sasa alizunguka vyuo vya jimbo la Maniema kwa niaba ya tume ya serikali, akivipima na kuandika kipi kibaki na kipi kifungwe.

Profesa naye aligeuza kiti kimoja, akatazama doa, akakirudisha.

"Albertine, hivi viti njo vyenu, ama ni vya kukodi?"

Mama Albertine, mkuu wa chuo, alicheka kidogo. "Mwalimu, wewe ulitufundishia wapi? Haikuwa ndani ya behewa?"

Ilikuwa kweli. Wakati wa vita, treni zilipokufa pale Kindu, Profesa aliwafundisha ndani ya behewa la mizigo, wanafunzi wakikalia magunia. Aliwaeleza serikali ni nini, na nje kila mwenye bunduki alikuwa serikali.

"Tume ingekuja siku zile," Albertine aliendelea, "ungefunga darasa lako mwenyewe."

"Ile ilikuwa vita."

"Na hii amani yenu, imetuletea viti gani?"

Profesa akamwambia kwa upole kwamba kesho ataandika chuo kifungwe. Viti vya kukodi, vitabu vya kuazima, walimu wawili. Albertine akaacha kucheka. Akamsogezea Bénie kiti, kama mtu aliyefiwa anavyowakalisha wageni.

Jioni Bénie na mjomba wake walipanda mtumbwi kurudi ng'ambo, Alunguli. Profesa alitazama maji ya mto Lualaba.

"Watahama," alisema. "Mutoto mwenye kutaka kusoma anahamia kwingine."

Bénie alipakata sufuria ya chakula ambacho hakikuguswa. Tangu aingie nyumbani kwa mjomba, jibu lake lilikuwa "ndiyo, mujomba". Ndugu walisema aliacha shule kwa uvivu, naye aliwaacha waseme.

"Mujomba," alisema, macho kwenye sufuria, "mimi sikukataa shule. Yetu, kule njia ya Kalima, walikuja kuipima, wakaifunga kwa sababu haikuwa na paa. Walisema tutahamia kwingine. Mimi nilihamia jikoni kwako."