Kama Ilivyo

Fimbo ilipogonga vigae kando ya kitanda, chini kuliitika kama mtungi mtupu. Bi Kahonzi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akagonga tena.

"Kahaso, chini hapa kuna nini?"

"Simiti tu, mama."

Kahaso alifua mashuka ya hoteli za Malindi kwa miaka kumi na tisa. Ili wainunue nyumba hii ya Muyeye kutoka kwa Mzee Kiponda, yeye na mama yake waliliuza shamba la minazi la Matsangoni, pamoja na kaburi la baba lililokuwamo. Ilikuwa na vyumba vitatu, vyote vimepakwa rangi mpya. Waliingia Februari.

Mwezi wa Mei mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Vigae vya chumba cha mama vikabonyea, harufu ikapanda. Fundi Kambi alipovunja sakafu, hakufika mbali. Chini ya simiti nyembamba kama chapati palikuwa na magogo ya mnazi yaliyooza. Chini ya magogo, giza. Akadondosha jiwe. Walingoja kabla ya kusikia maji.

"Shimo la choo," Kambi alisema, akirudi nyuma mpaka mlangoni. "Chumba kimeongezwa juu yake."

Alasiri ile Rayhana, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuja akasimama nje ya kizingiti.

"Limefunuka?"

"Kumbe ulijua?"

Rayhana alikaza mtandio. "Maimuna wangu alizama humo. Alikuwa na miaka mitano. Tulikuwa wapangaji wa Mzee Kiponda hapa. Arubaini ilipopita tu, akaleta mafundi."

"Na hukuniambia, dada."

"Niliko sasa pia ni kwake."

Kiponda alimpokea Kahaso ofisini kwake kwa upole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti, bibi."

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua jalada, akaligeuza upande wa Kahaso. "Soma hapa."

Kahaso akasoma: mnunuzi ameikagua nyumba na ameridhika nayo kama ilivyo.

"Sahihi ya nani hiyo?"

"Yangu. Lakini ningeonaje chini ya vigae, mzee?"

"Hata mimi sioni chini ya vigae."

"Mtoto alifia humo. Ulijua."

Kiponda akafunga jalada. "Aliyekwambia hayo ni nani? Na aje ayaseme hapa, mbele yangu."

Kahaso aliinuka bila kumtaja Rayhana. Akaaga.

Wakili aliyemwendea alisema jambo lile lile kwa maneno marefu: bila shahidi kwamba muuzaji alijua, hakuna kesi. Rayhana alitikisa kichwa kabla hajamaliza kuulizwa. Nyuma yake, watoto wake watatu walikuwa wakila uji.

Ikabaki kuandika barua kwa wakaguzi wa majengo.

Siku hizo Bi Kahonzi alikataa kuhamia chumba kingine. Alivuta kigoda mpaka ukingoni mwa shimo, akawa anazungumza nalo kwa Kigiriama, polepole, kama anayebembeleza mtoto alale. Akisema, ananyamaza kidogo. Kisha anajibu. Kahaso, akiosha vyombo uani, alijikuta amezuia pumzi ili asikie kinachojibiwa.

Wakaguzi walikuja wawili. Walichungulia shimoni wakiwa wameziba pua, wakapiga picha, wakatoka nje, wakachora alama kubwa nyekundu ukutani.

"Ihamwe, ibomolewe ndani ya siku saba," mkubwa wao alisema. "Kwa gharama ya mwenyewe."

"Aliyeijenga ni Kiponda."

"Hati ina jina la nani, mama?"

"Langu."

"Basi. Tukikukuta humu siku ya nane, utashtakiwa wewe." Akamkabidhi kalamu. "Tia sahihi, kwamba umepokea."

Rangi ilikuwa bado inachuruzika. Kutoka chumbani sauti ya Bi Kahonzi ilisikika, safari hii kwa Kiswahili, wazi kabisa, ikimwuliza mtu:

"Na mamako yuko wapi?"

Ng'ambo ya barabara, Rayhana alikuwa akianika nguo. Alitulia, shuka mkononi. Kisha akaingia ndani, akafunga dirisha.