Mlango Alioufunga Punda

Ukitaka kumjua kinyozi hodari, tazama kichwa chake mwenyewe. Sasa huyu wetu, kila aliyechungulia dukani kwake alimwona mtu mwenye ndevu za kutosha kujaza mto wa kulalia, kashika mkasi, anatabasamu. Au huenda alikuwa akitabasamu. Mdomo ulikuwa hauonekani.

"Karibuni, ingieni tu," bibi yake mzaa mama alikuwa akiwaambia wateja kutoka kwenye benchi alilokalia akimenya viazi. "Msiogope, hang'ati. Akishiba."

Wateja walicheka, wakasema watarudi kesho. Kesho wakaonekana kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

Chanzo cha msitu huo kilikuwa punda. Wala hakuwa punda wa nyama na mavi. Alikuwa punda wa kwenye gemu. Katika gemu hiyo mtu mmoja na punda wake wanapita mji mzima wa milango iliyofungwa, wanatafuta funguo, wanapigana na walinzi, wanaruka mashimo. Mwishoni, mchezaji akiwa ameshaota sugu kwenye vidole, wanafika mlango wa mwisho. Punda anaingia kwanza. Anageuka, anamtazama bwana wake machoni, halafu anaufunga mlango kwa kwato. Pa! Kioo kinakuwa cheusi. Yanatokea maneno kwamba sehemu ya pili inakuja.

Ikawa inakuja, inakuja, kama mgeni aliyepotea njia. Watoto waliozaliwa gemu ilipotoka waliota meno, yakang'oka, wakaota mengine. Kila Jumapili mchana Kinyozi alifunga duka, na marafiki zake wawili wakaja kuchambua dalili. Mmoja alikuwa fundi redio, mtu mwembamba mwenye miwani na lenzi ya kukuzia vitu vidogo. Huyo walimwita Mwenyekiti. Wa pili alikuwa dereva wa lori, jina lake Breki, kwa sababu hakuwa nazo mdomoni.

Watengenezaji wa gemu wakitoa picha ya wafanyakazi wao wanakunywa chai, watatu hawa waliivuta mpaka vikombe vikawa vikubwa kama ndoo.

"Kijiko hiki kimeelekea kaskazini," Mwenyekiti alikuwa akisema. "Na mlango wa mwisho uko wapi? Kaskazini."

"Punda ana mimba," Breki alikuwa akijibu. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. "Nimesema siku zote. Alifunga mlango akazae kwa faragha."

"Breki, mwanangu," Bibi alikuwa akidakia, "na wewe mama yako angefunga mlango mapema, tungepumzika."

Basi Jumapili moja watengenezaji wakatangaza kwamba wana neno la kusema. Watu wakakesha, wakaomba dua. Neno lenyewe likawa kwamba wamehamia ofisi nyingine. Ni katika uchungu wa siku ile ndipo Kinyozi alipopanda juu ya kiti chake cha kunyolea, akaweka mashine kichwani kama taji, akaapa: wembe hautagusa uso wake mpaka ipatikane dalili ya kweli ya sehemu ya pili, na wote watatu waikubali. Wenzake wakampigia makofi. Wao hawakuapa. Mwenyekiti alisema ana ngozi laini.

Kiapo kingekuwa cha kuchekesha tu, kama Kinyozi asingekuwa na mchumba.

Mchumba alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke wa maneno machache anayekata kitambaa bila kupima na hakosei. Alikuja Alhamisi na koti la bwana harusi. Kinyozi akalivaa. Mabega sawa, mikono sawa. Ilipofika zamu ya kola, kifungo kikaingia ndevuni, kikapotea. Fundi akakitafuta kwa vidole kama mtu anayetafuta chawa. Akaacha. Akalivua koti, akalikunja.

"Sikiliza," akasema. "Jumamosi nitaingia ukumbini. Nikikuta uso, nitaolewa. Nikikuta hiki kitu, nitarudi nyumbani kushona. Nina kazi za watu."

"Mpenzi, ni kiapo. Na Mwenyekiti na Breki ndio wasimamizi wangu. Wamesema nikikivunja hawasimami nami, na duka hili hawalikanyagi tena. Hao ni ndugu zangu tangu utotoni."

"Vizuri. Jumamosi watakuoa wao."

Bibi akapiga kofi la furaha, akaingia katika utani wa bibi na mjukuu. "Mke mwenza, wewe ndiye uliyenifaa! Ningekupata zamani, huyu mume wetu tungekuwa tumeshamuuza."

Kinyozi hakucheka. Usiku uliopita alikuwa amejitazama kwenye kioo, mkono ukaifikia mashine, ukarudi. Alimpenda mwanamke yule kuliko alivyoweza kusema, na tatizo ni kwamba kwa ndevu zile, hata alichosema hakikutoka vizuri. Lakini mwanamume anayevunja kiapo alichoapa juu ya kiti chake cha kazi, nani atamkabidhi koo lake na wembe?

Bibi na Fundi wakatoka kwenda uani. Walikaa huko muda. Alisikia kunong'ona, kisha kicheko cha Bibi, kile chembamba, ambacho tangu utoto kilimaanisha kuna mtu atakayeadhirika.

Kesho yake mchana, Mwenyekiti aliingia bila hodi, simu juu, Breki nyuma yake anahema.

"Funga duka!"

"Duka limejifunga lenyewe," alisema Bibi. "Hamwoni hakuna mtu?"

Kwenye mtandao wa mashabiki ilikuwa imeanguka picha. Aliyeituma hajulikani, amejiita Kwato. Ni picha ya mlango wa mbao, rangi ya buluu imebanduka, umeachwa wazi kidogo, ndani giza. Na kwenye ubao wa chini, kwa tope, alama ya kwato moja. Chini yake maneno mawili: *Amechoka kungoja.*

"Kimya," alisema Mwenyekiti, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Akaiweka simu mezani, akashusha lenzi. "Mbao sita. Kwenye gemu mlango wa mwisho una mbao ngapi?"

"Sita!" Breki akapiga ukuta. "Na tazama bawaba hii ya chini. Nyekundu! Damu! Damu ya uzazi! Nimesema siku zote!"

Kinyozi akainama kutazama.

Buluu ile aliijua. Ilibaki alipopaka mbele ya duka, akaona isipotee bure. Na bawaba ile haikuwa damu. Ilikuwa kipande cha kandambili nyekundu alichokipigilia misumari mwenyewe, bawaba ya chuma ilipokatika. Ule ulikuwa mlango wa choo cha uani. Picha ilipigwa kutoka chini, kutoka urefu wa mtu aliyekaa kwenye kigoda.

Akageuka. Bibi alikuwa ameinamia viazi vyake kwa unyenyekevu mkubwa. Kimoja kilikuwa kimechongwa mfano wa kwato, na tope lingali juu yake. Bibi akakitumbukiza kwenye sufuria pamoja na vingine.

"Nakuja," alisema Breki. "Nimekunywa maji mengi njiani." Akaenda uani. Mlango wa choo ukalia kwa bawaba zake, ukafungwa. Baada ya muda ukalia tena. Breki akarudi anafuta mikono kwenye suruali, akaishika simu, akatikisa kichwa. "Mimi nimeendesha lori nchi na nchi. Ningewahi kuuona mlango huu popote duniani, ningeutambua."

"Hakika," alisema Mwenyekiti. "Si kitu cha huku."

Kinyozi akafungua mdomo. Watu hawa walipekua vijiko vya wenzao wa mbali kwa lenzi, na choo wanachokiingia kila Jumapili hawakijui! Neno lilikuwa limefika ulimini. Lakini mlangoni alikuwa amesimama Fundi, koti mkononi. Na Mwenyekiti alikuwa amevua miwani yake, anapangusa machozi.

"Sema, mume wangu," alisema Bibi kwa upole wa paka. "Una lolote?"

Akawatazama wote. "Nyinyi... mnaikubali? Hii ndiyo dalili ya kweli?"

"Naikubali!" alisema Breki.

"Naikubali," alisema Mwenyekiti. "Kaa kitini, ndugu yangu. Umeteseka vya kutosha."

Ikabaki swali la nani amnyoe mnyoaji. Mwenyekiti macho yalikuwa bado yamejaa machozi. Breki alijitolea, Bibi akasema hapana, harusi inahitaji bwana mwenye masikio mawili. Fundi akatundika koti msumarini, akamfunga Kinyozi kitambaa shingoni, akatoa mkasi wake wa kukatia nguo.

"Mimi nafuata mstari tu," akasema. "Usitikisike."

Zikaanza kuanguka. Shavu la kushoto likatokea, jeupe kama mkate usioiva. Kinyozi akanong'ona, "Ule ni mlango wa choo."

"Kaza shingo."

"Ni choo chetu, mpenzi. Mnanifanya niwe mwongo."

Bibi akasogea, kama anayefagia nywele. "Ulitaka mlango wa ikulu? Wewe uliapa kwamba wakikubali, unanyoa. Wamekubali, hawakukubali?"

"Wamekubali."

"Basi. Hukuapa kwamba wana akili."

Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha, na wa kulia bado kichaka, Breki aliposema maji yale hayajaisha. Akatoka. Safari hii mlango haukulia. Kisha ukasikika ukelele, hata kinyozi wa ng'ambo akatoka nje kutazama.

Breki akaingia mbio, mkanda mkononi. "Simamisha! Simamisha mkasi! Jamani, ule mlango! Ule mlango ni wa choo chetu!"

Mkasi ukasimama hewani. Kinyozi akahisi baridi kwenye shavu la kushoto na joto kwenye la kulia, akafikiri: basi, nitaoa nusu. Wasimamizi nimewapoteza, mke nimempoteza, na nitatembea mtaani kama mwezi wa siku saba.

Mwenyekiti akasimama, akachukua lenzi, akatoka. Wote wakamfuata kwa mstari: Breki anashikilia suruali, Kinyozi na kitambaa shingoni, Fundi na mkasi, Bibi nyuma kabisa ameuma ncha ya mtandio. Mwenyekiti akapiga magoti mbele ya choo. Akaipima kandambili. Akainusa alama ya kwato.

"Tope hili ni la jana," akasema.

"Mwenyekiti," Kinyozi akaanza, "nisikilize. Ukweli ni kwamba—"

"Ngoja!" Mwenyekiti akainua mkono. Uso wake ulikuwa unabadilika, kama taa ya umeme mdogo inayojaribu kuwaka. "Wamekuja."

"Nani wamekuja?"

"Watengenezaji! Wametoka kwao, wamevuka nchi na nchi, wakaacha milango yote duniani, wakaja kupiga picha *hapa*. Kwa nini hapa?" Akageuka, akamnyooshea Kinyozi kidole. "Kwa sababu yako! Wamesikia kiapo chako! *Amechoka kungoja.* Nani amechoka kungoja? Ni wewe!"

Breki akapiga magoti kando yake. Halafu akakumbuka pale ni wapi, akainuka, akachuchumaa.

Kinyozi akamtazama Bibi. Bibi alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mtu asiyemjua angesema analia kwa imani.

"Samahani," alisema Fundi, mkasi ungali juu. "Niendelee au nisiendelee?"

"Endelea, dada!" Mwenyekiti alifoka. "Unangoja nini? Watu wamekuja mpaka chooni!"

Jumamosi kola ilifungwa. Bwana harusi alikuwa wa rangi mbili, juu kahawia na chini maziwa, lakini alikuwa na mdomo, na mdomo ulikuwa unatabasamu. Safari hii watu waliona. Wasimamizi wake walisimama kwa zamu, kwa sababu mmoja ilibidi abaki kulinda choo. Asubuhi ile watengenezaji walikuwa wametoa tamko kwamba picha ile hawaijui na mlango ule si wao. Mwenyekiti alilisoma tamko kwa sauti ya ushindi.

"Mwizi gani anakiri?" akauliza.

Mwenye shida alikuwa Bibi. Kabla ya kwenda ukumbini alifika uani na kopo lake la maji, akamkuta Mwenyekiti amesimama mlangoni, kavaa suti.

"Mama, hapa huwezi kupita. Ni mahali pa ushahidi."

"Mwanangu," alisema Bibi, "hata mimi nina ushahidi, na uko njiani unatoka wenyewe."

Akapishwa.

Jioni wakarudi kwa gari la kukodi, maharusi kiti cha nyuma, Bibi katikati yao kama mto, maana aligombea nafasi hiyo kwa haki ya mke mkubwa. Fundi alikuwa anampapasa mumewe kidevu kupitia mbele ya pua ya Bibi. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua:

"Lakini kweli, yule punda kwa nini aliufunga mlango?"

Kinyozi akamgeukia, uso mpya wote umewaka.

"Mke mwenza!" alilia Bibi. "Nimepoteza kiazi kizima kumtoa huko, nawe unaingia kwa miguu yako mwenyewe?"

Lakini Kinyozi alikwisha kuanza, na vijiko, na kaskazini, na walinzi, na mbao sita. Bibi akafumba macho, akavumilia mpaka kona ya mwisho. Hapo akashindwa.

"Nyamaza wewe, hujui kitu," akasema. "Ana mimba. Mwanamke anaona."