Mafuta ya Jikoni

Katika kiwanda kile cha kufulia mashuka ya hoteli, ukiungua, dawa ya kwanza ilikuwa uongo. Msimamizi alikuwa na ulimi wa asali. Atakukimbiza hospitali, atakulipia dawa, na njiani atakunong'oneza, "Dada, ukiulizwa, sema ni mafuta ya kukaangia, nyumbani. Tusisumbuane na serikali." Nawe utasema, maana aliyekupeleka kwa daktari utamkatalia vipi?

Bi Pasi, kama walivyomwita kwa kuwa ndiye mwenye mashine ya kunyooshea mashuka, naye alisema. Siku hiyo shuka lilijikunja, akataka kulinyoosha, rola mbili za moto zikamvuta mkono mpaka kwenye kifundo. Hospitali akajibu kama kasuku: mafuta. Karani akaandika.

Wiki sita baadaye vidole vilikuwa vimekakamaa kama makucha ya kuku. Kifungo cha gauni hakifungi. Daktari akataka kumpasua. Msimamizi akamwambia akae nyumbani moja kwa moja.

"Umejipalia makaa, wifi," alisema dada wa mumewe, aliyefanya kazi meza ya kukunjia. "Utadai nini, na karatasi inasema jiko lako ndilo lililokuunguza?"

"Nitasema nilidanganya."

"Utamwambia nani, ukuta?"

"Ofisi ya fidia. Nimekwenda kuuliza. Aliyeumia kazini ana haki ya kutibiwa na kulipwa. Ila naye ana wajibu: atoe taarifa mapema, tena aseme kweli. La mapema nimelichelewesha, lakini wamekubali kunisikiliza. La kweli ndilo bado."

Wifi akasonya. "Na kazi yangu mimi ikipotea?"

"Sijakuita."

Siku ya kusikilizwa, msimamizi alikuja na karatasi ya hospitali. "Mheshimiwa, soma mwenyewe. Mafuta. Nyumbani."

Ofisa, mama mmoja mwenye miwani, akamgeukia Bi Pasi. "Maneno haya ni yako?"

Angeweza kusema alilazimishwa.

"Ni yangu, na ni ya uongo. Sikupigwa wala kufungwa kamba. Nilimwonea haya aliyenipeleka." Akauweka mkono mezani, akaugeuza. "Lakini tazama, mama. Mafuta yakimwagika huchuruzika. Kovu hili liko kiganjani na mgongoni mwa mkono, tena limekoma kwa mstari ulionyooka. Mafuta gani yanachoma juu na chini kwa rula?"

"Leo mama amekuwa daktari!" msimamizi akacheka.

"Hodi!"

Wifi alikuwa mlangoni na aproni yake, na nyuma yake wanawake wa kiwandani. "Samahani, ni saa yetu ya chakula, tuna nusu saa tu." Akapandisha mkono wa gauni. "Mimi mafuta, mwaka juzi."

"Mimi mafuta, kiwiko."

"Mimi vidole viwili. Mafuta hayo hayo."

Wakafika saba. Ofisa akavua miwani. "Kumbe bwana umeajiri wapishi!"

Hata karani wa ofisi alicheka. Ofisa mwenyewe hakucheka. "Mashine hizo huwa na kizuizi mbele ya rola, cha kukinga mikono. Chenu kiko wapi?"

"Tulikitoa, kilikuwa kinachelewesha ka—" Msimamizi akajiuma ulimi, lakini neno likishatoka halirudi. Kalamu ilikuwa imeshaandika.

Bi Pasi akashinda. Gharama ya upasuaji iwe juu ya mwajiri, mshahara mpaka apone, kizuizi kirudishwe, na daftari la ajali liwekwe pale watu wanapoingilia. "Na wewe, mama," ofisa akamwambia, "zoezi la vidole kila siku, na kliniki usikose hata moja. Huo ni wajibu wako."

"Wifi, ulisema kazi yako!" Bi Pasi alimwambia nje.

"Kazi ipo. Njaa ndiyo inaniua, umenilia saa yangu ya chakula."

Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwaleta makarani madirishani.

Ijumaa iliyofuata, kiwandani, daftari likafunguliwa. Saba wakapanga foleni, wakamsukuma Bi Pasi mbele. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikipepesuka kama mlevi, lakini kila aliyepita alizisoma: *mkono, rola, kazini.*