Siku Serikali ya Mjomba Jafari Ilipoanguka

Ziada aliweza kuipindua Urusi nzima, ila mjomba wake mmoja alimshinda. Baba alishakubali kwamba akimaliza shule akasomee uuguzi Ndanda, lakini huku kwetu Masasi baba ni baba tu. Mtoto ni wa mjomba, na bila neno la mjomba hakuna safari. Naye Mjomba Jafari, kila akimwona mpwa wake anakuja na uso wa kuomba, alikimbilia mikoroshoni. "Tutaona," ndilo jibu lake, akiwa ameshampa kisogo.

Siku ya mahafali pale shuleni Chiungutwa, wanafunzi wa Mwalimu Erasto waliigiza Wabolsheviki wa Urusi wakitwaa madaraka. Ziada ndiye kiongozi wao, kitambaa chekundu begani. Mwalimu alisisitiza mpaka povu likamtoka: mfalme alishaondoka miezi kadhaa kabla, anayepinduliwa ni waziri wa Serikali ya Muda. Bahati mbaya waziri mwenyewe, Anselmo, aliamka na homa. Mwalimu akaangaza macho, akamwona mgeni mmoja mstari wa mbele, kavaa koti la mtumba lenye vifungo vya shaba. Bila kuuliza ni nani, akamkalisha kwenye kiti cha ikulu.

Wabolsheviki wakavamia jukwaa kwa kelele. Ziada akanyanyua bunduki yake ya mti wa muhogo ili afoke "Ondoka kitini!", akakutana uso kwa uso na mjomba wake. Mjomba hafokewi. Akapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwalimu Erasto akajishika kichwa.

"Marahaba," akajibu Jafari, ameshanogewa na uwaziri. "Mmekuja kunipindua au kunijulia hali? Semeni mnataka nini!"

"Amani, mkate na ardhi!" wenzake Ziada wakapaza sauti.

"Na wewe?"

Ziada aliona wazi kwamba leo mjomba hana pa kukimbilia. "Ndanda, mjomba."

Kicheko kikakatika. Jafari akatazama huku, akatazama kule; watu wote macho kwake, na mikorosho iko mbali.

"Si ungeniomba nyumbani?"

"Nyumbani hukai kitini, mjomba."

Akina mama wakapiga vigelegele. Jafari naye akacheka, akainuka, akavua koti na kumvika mpwa wake.

"Serikali imeanguka," akatangaza. "Nenda kasome. Ila koti langu utalirudisha."