Yai Lenye X

Ugonjwa wa mdondo ulipopita Bangwe haukuniachia hata kuku mmoja wa dawa. Aliyeniuma zaidi ni kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ambaye mama mkwe wangu Skolastika alinipa siku naolewa. Ilikuwa mbegu ya mama yake mzazi, na kwake Kalinzi nako ilishakwisha. Yalibaki mayai tu kwenye kapu la jikoni, ya kishingo na ya wenzake yamechanganyika. Nikamwambia mume wangu, Leodgar, "Usikaange hata moja!"

Akanitengenezea mashine ya kutotolesha kwa friji bovu, balbu na beseni la maji. Kila yai nikaliandika X upande mmoja kwa mkaa, nisije nikasahau lipi nimeligeuza.

Siku za mwisho mayai hayageuzwi, wala mlango haufunguliwi. Joto likitoka, umeua. Ndipo mama mkwe akashuka kutoka Kalinzi kuja kuona maajabu. Nilimwacha na chai yake, nikaenda Mwanga kununua chakula cha vifaranga. Niliporudi nilimkuta amepiga magoti mbele ya friji, mlango wazi, kitambaa chenye maji mkononi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Yewe, Frida! Mmeyawekea X! Hata watoto wa kuku mnataka kuwabomolea nyumba?"

Nikakumbuka. Barabara ilipotaka kupanuliwa, nyumba yake iliandikwa X nyekundu ukutani. Aliisugua mpaka ikafutika. Baadaye barabara ikapitishwa kwingine, na tangu hapo hakuna wa kumwambia kitu.

Angekuwa dada yangu ningemtoa mbio. Lakini mama mkwe? Nilifunga mlango, nikasema, "Asante, mama," kisha nikaenda kulia chooni kwa hasira.

Kesho yake Leodgar aliniita kama mtu aliyeona nyoka. Ganda limetoboka, mdomo unachungulia! Likafuata la pili, la tatu, hadi jioni friji lilikuwa linapiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Lakini kila kifaranga nilichoshika, shingo ina manyoya.

Likabaki yai moja kwenye kona, kimya. Asubuhi nikalitoa ili nikalitupe.

"Hebu lete," akasema mama mkwe. Akaligeuza. Chini yake, X yangu, nzima kabisa. Akanitazama kama hakimu. "Hili sikulifuta."

Akalowesha ncha ya kanga, akalisugua taratibu huku akilinong'oneza kwa Kiha. Akaliweka sikioni, kisha akanipa na mimi nisikilize.

Ndani kuna mtu alikuwa anagonga.

Tulilirudisha haraka, tukakaa sakafuni, mkwe na mkwe, tukichungulia. Alitoka amelowa, amechoka, shingo tupu. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani nimejifungua.

Siku hizi kwenye mayai naweka alama ya vema. Leodgar ananicheka, nami namwambia aende Kalinzi akamcheke mama yake.